Usaha ndani ya ukuta wa umio: kuna aliyewahi kuuguza hili?

Kifungua_Mimba: Habari zenu wakuu. Baba ana kisukari. Jumatatu alilalamika chakula kinamkwama kifuani, tukasema kiungulia. Jumatano hata mate hayamezeki, anayatema kwenye kikombe, homa 39, akijaribu kumeza anajishika kifua na kukunja uso. Moyo ukapimwa, hauna neno. Skani ndiyo ikaonyesha ukuta wa umio umevimba juu hadi chini, na ndani ya ukuta wenyewe kuna weusi unaouzunguka kama pete. Daktari anasema bakteria wameingia humo na usaha umetanda. Sasa kama ni usaha, si wautoe? Wamemtundikia dripu za antibayotiki, wamemkataza hata maji, basi!

Mpita_Njia: Jaribu asali na tangawizi, inasafisha koo.

Nesi_wa_Usiku: Mpita_Njia, tafadhali. Mgonjwa huyo asimeze kitu chochote.
Kifungua_Mimba, pole sana. Ni nadra kweli, mimi nimeuguza mmoja tu. Usaha huo si jipu lenye kichwa. Umesambaa katikati ya matabaka kama maji yaliyoingia kwenye godoro, ukitoboa hapa, pale umebaki. Ukijikusanya mahali pamoja, hapo wanaweza kuupasua kwa kamera ya kupitia mdomoni, au kwa upasuaji. Kwa sasa dawa ya mshipani ndiyo kazi yenyewe, na sukari ishushwe, maana ikiwa juu kinga hulegea. Halafu umio hauna ule utando wa nje ambao tumbo na utumbo vinao. Ukitoboka, uchafu unamwagika kifuani, jirani na moyo. Akizidiwa maumivu ghafla au pumzi ikibana, ita daktari papo hapo.

Kifungua_Mimba: Asante dada. Mbona kamera ilipita, wakakata na kinyama cha kupima, majibu yakasema uvimbe tu?

Nesi_wa_Usiku: Kinyama hukatwa juujuu. Ugonjwa uko chini yake. Ndiyo maana skani iliona. Uliza pia habari ya mpira wa kumlishia, hawezi kuishi kwa dripu ya maji tu. Na akipona, kumeza kukianza tena kuwa kugumu wiki kadhaa baadaye, mrudisheni. Kovu huweza kuubana umio.

Kifungua_Mimba: Siku ya nne leo. Homa 37.8. Asubuhi ameomba chai, tumemlowesha midomo kwa pamba. Amenuna, hasemi na mtu.