Skuli kongwe igeuzwe kituo cha sanaa?

Mwanzilishi wa mjadala: Jengo la skuli kongwe mjini Mombasa likichakaa na wazazi wakaanza kuhamisha watoto, je, ni haki kaunti iligeuze kituo cha sanaa? Wanaounga mkono husema wasanii wetu wana kumbi chache mno, na hapo hawakukosea. Hata hivyo ninapinga. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti utamaduni, maktaba, makumbusho na masomo ya chekechea, ilhali skuli za msingi na sekondari zimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kaunti ikileta ukumbi mahali pa skuli, inatoa kilicho chake na kuondoa kisichokuwa chake, na mzazi atakayeuliza mwanawe atasomea wapi ataambiwa aulize Nairobi.

Mkaazi wa Kibokoni: Ndugu yangu, Fort Jesus ilikuwa jela mpaka 1958, na Mahakama ya Kale iliyo jirani yake, iliyojengwa 1902, leo ni mahali pa maonyesho. Lau yangeng'ang'aniwa yabaki na kazi hizo, tungekuwa na nini cha kumwonyesha mgeni? Isitoshe, nyumba ya mawe isiyotumika haidumu hapa pwani: mvua hupenya darini, boriti za mikoko zikaoza, na fundi akija kuziba nyufa kwa saruji badala ya chokaa, unyevu hufungika ndani na ukuta ukabambuka. Jengo lenye watu ndilo linalotengenezwa.

Mwanzilishi wa mjadala: Linalotengenezwa, naam, lakini kwa nini wenye kulikaa wasiwe wanafunzi? Wafungwa na mahakimu unaowataja walipatiwa pengine pa kwenda. Tena kuna mfano ulio karibu zaidi na swali letu: MIOME (Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa) ya Tudor iligeuka Mombasa Polytechnic, kisha mwaka wa 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na masomo hayakuondoka pale. Wasanii nao wafunguliwe ukumbi wa skuli jioni na wikendi, na kodi watakayolipa itengeneze paa. (Taarab ya Juma Bhalo, tukumbuke, ilinoga harusini bila ya kituo chochote.) Nitakubali kuhamishwa kwa skuli siku nitakapoona madarasa mapya yamekwisha kujengwa, tena kwa umbali ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuutembea.