Kadi ya Kevo: nimerudishwa tena leo

Mama Kevo, Njiro

Hamjambo ndugu zangu. Kwa wale hatujajuana, tulihamia Arusha kutoka Kisumu mwezi wa nne, Baba Kevo amepata mkataba wa miaka miwili. Kevo ana miaka 6 na ana sikoseli, SS. Tulijua akiwa na miezi minane, vidole vya mikono vilipovimba mpaka akawa hawezi kushika titi.

Leo nimerudi mara ya tatu kwenye ofisi ya bima ambayo kazi ya mume wangu ilituelekeza. Mara ya kwanza walitaka DP ya mtoto, kile kibali cha mtegemezi cha kuishi huku, nikapeleka. Mara ya pili wakasema cheti cha kuzaliwa kina jina langu la kwa baba na pasipoti ina la kwa mume, nikaenda kwa wakili nikaapa, nikapigiwa muhuri. Leo yule binti akasoma barua ya daktari, akaingia ndani dakika arobaini, akatoka na kuniambia ugonjwa wa kuzaliwa nao unasubiri miezi 12 kabla ya kulipiwa. Kevo alikuwa amelala kwenye benchi na sweta mbili. Kuna baridi sana wiki hii.

Vidonge vya hydroxyurea, dawa yake ya sikoseli, nilivyotoka navyo nyumbani vimebaki 19.

Naomba kujua jambo moja tu. Mtoto wa Mkenya mwenye DP anaweza kuandikishwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya? Kama kuna aliyefanya, alianzia dirisha gani na alibeba nini? Naomba jibu la aliyefanya mwenyewe, si la kusikia.

Baba Shiru, Sakina

Pole sana mama. Wewe lipa NHIF tu na hiyo kampuni uachane nayo. Mimi nilikuwa natoa 500 kila mwezi, bibi yangu akapasuliwa kujifungua na hatukutoa hata ndururu.

Mwalimu wa Bungoma, Tengeru

Baba Shiru, unamchanganya mama wa watu. NHIF unayoizungumzia ni ya kwetu, nayo haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara. Anayoiuliza ni ya huku, yenye sheria yake ya 1999. Jina ni moja, mifuko ni miwili. Tusome swali kwanza.

Baba Shiru, Sakina

Sawa mwalimu, nimesikia. Nilikuwa nasaidia.

Mama Pacha, Kijenge

Lakini si huku watoto wanatibiwa bure hospitali za serikali? Wangu walipougua tumbo tulipelekwa Mount Meru na hatukulipa kumwona daktari, dawa moja tu ndiyo tulinunua nje. Mpeleke pale.

Mwalimu wa Bungoma, Tengeru

Sera hiyo ni ya walio chini ya miaka 5. Kevo ana 6, ameandika mstari wa pili.

Nyar Ugenya, Moshi

Nyamera, dada yangu, pole. Binti yangu ana miaka 14, ni SS pia, na huu ni mwaka wetu wa tisa Moshi. La kadi sitakudanganya, sisi tunalipa taslimu. Nitasema la dawa, kwa sababu hivyo vidonge 19 vimenishtua kuliko hiyo bima.

Usingoje kadi. Nenda kliniki kesho kutwa na makaratasi yake yote, ulipie ile siku ya kwanza, faili lifunguliwe. Ukishakuwa na faili na namba, hata usiku wa manane wanajua wanamtibu nani. Beba majibu ya elektroforesisi au HPLC ya Kisumu, vile vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini. Usikubali aandikwe upya kwa kipimo cha "sickling" peke yake. Kile kinaonyesha tu kwamba S, himoglobini ya sikoseli, ipo kwenye damu, hakitenganishi AS, aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, na SS, aliyeirithi kwa wote wawili. Mimi ni AS, sijawahi kulazwa, na kipimo hicho kingenitoa sawa na binti yangu.

Halafu picha kamili ya damu, huku wanaandika FBP. Hydroxyurea inakwenda kwa kilo za mtoto na kwa hiyo damu. Chembe nyeupe zikishuka mno inasimamishwa kwanza. Ndiyo maana dukani hawatakupa kwa kuomba tu, na wako sahihi. Kevo ana kilo ngapi sasa?

Na umeonyeshwa kupapasa bandama? Mwaka wetu wa kwanza hapa muuguzi mmoja alinishika mkono, akauweka chini ya mbavu za kushoto za mwanangu, akasema, "Hapa mama, vidole viwili, usikandamize." Akaniuliza kama sisi ni watu wa ziwa. Nikamwambia ndiyo, akaguna tu. Nikawa napapasa kila jioni baada ya kumwogesha. Usiku mmoja nikaikuta imeshuka hadi karibu na kitovu, na nilipomvuta kope la chini pakawa peupe kama maziwa. Damu yote ilikuwa imekwenda kujifungia huko. Tulifika hospitali ya KCMC saa saba usiku.

Benki yenyewe ya damu salama ya kanda hii iko hapa Moshi, lakini damu haijitoi. Asubuhi walikuja vijana watano wa bodaboda wa kijiwe cha kwetu Majengo, Wachaga wanne na Mpare mmoja, hawajui hata sikoseli ni nini, wakakunja mikono ya mashati. Mpaka leo mmoja wao akipita anamuuliza binti, "Damu yangu inaendeleaje?"

Kwa hiyo anza kufahamiana na watu wa mtaani kwako. Naandika hivi nikimaanisha.

Shangazi wa Kilifi, Usa River

Mwanangu Mama Kevo, usikate tamaa na hiyo dawa, imesaidia wengi. Ule utafiti wa watoto wa Afrika ulifanyika kwetu Kilifi, pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale, majibu yakatoka Desemba 2018. Watoto zaidi ya 600, wa mwaka 1 hadi 10. Maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, hata malaria ilipungua, na vifo vilipungua. Mjukuu wa dada yangu anaimeza mpaka sasa. Zamani ilikuwa kila mwezi wodini, sasa anacheza mpira ufukweni na mama yake anamfokea arudi kunywa maji.

Kwa vile kidonge ni kikubwa, sisi tulikuwa tunakifungua, unga tunauchanganya kwenye uji.

Nyar Ugenya, Moshi

Shangazi, samahani sana, hilo hapana. Kidonge hicho hakifunguliwi kwa mikono mitupu na kumwagwa mezani jikoni, na mwenye mimba asikiguse kabisa. Kipimo cha uji pia hukijui, mtoto akibakiza nusu bakuli amekunywa dawa kiasi gani? Mwambieni mfamasia mtoto hawezi kumeza, yeye ndiye atakayesema kama anaweza kuitengeneza ya maji, au daktari apange siku za kidonge kizima na siku za kupumzika.

Shangazi wa Kilifi, Usa River

Nimepokea, mwanangu. Hatukuambiwa hivyo. Nitampigia dada leo.

Mwalimu wa Bungoma, Tengeru

Niongeze la shule, kwa sababu nimefundisha huku miaka sita. Mwandikie mwalimu wa darasa barua, usiseme kwa mdomo getini. Andika: anywe maji muda wote na aruhusiwe kwenda kukojoa bila kuomba mara mbili, asiogeshwe wala kuogeleshwa maji ya baridi, akisema anaumwa miguu aaminiwe, joto likifika nyuzi 38.5 mzazi apigiwe simu saa hiyo hiyo, asipewe panadol na kulazwa ofisini.

Na safari za mlimani. Mwaka juzi darasa la sita lilipelekwa Kilimanjaro, Marangu hadi Mandara, karibu mita 2,700. Kulikuwa na mtoto wa SS na mama yake alikuwa ametia saini fomu bila kujua, maana fomu iliandika "matembezi". Nilimtoa kwenye basi mwenyewe, analia, wenzake wanamwangalia. Huko juu hewa ni nyembamba, chembe zinajikunja. Hajanisamehe mpaka leo yule mtoto, na ningemtoa tena.

Mama Pacha, Kijenge

Mwalimu, umefanya vyema. Swali langu: hawa watu wa huku wenyewe wanapata vipi? Au na wao wanahangaika hivi hivi?

Nyar Ugenya, Moshi

Wanahangaika, Mama Pacha. Inakadiriwa watoto 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka nchi hii, hilo ndilo jina utakaloliona kwenye mabango yao. Kulikuwa na Toto Afya Kadi ya 50,400 kwa mwaka, jirani yangu alimkatia mwanawe, halafu 2023 usajili ukahamishiwa shuleni na yule mtoto hakuwa ameanza shule. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya bima kwa wote. Jirani alikuwa anakuja kwangu kuazima vidonge vya foliki. Nilimpa, ningefanyaje.

Lakini tusiwavunjie heshima. Muhimbili wanawafuatilia wagonjwa wa sikoseli tangu 2004, na Profesa Julie Makani aliyeisimamisha kazi ile ni mzaliwa wa hapa Arusha. Dodoma, pale Benjamin Mkapa, tangu 2023 wanawapandikiza watoto uloto wa mifupa, kama yuko ndugu wa tumbo moja anayelingana. Kwetu wangapi wanalijua hilo?

Baba Shiru, Sakina

Mimi kinachoniuma ni hili. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa mjini, bendera napita nazo kila asubuhi nikienda kazini. Soko la pamoja lilianza Julai 2010. Nyanya za Loitokitok zinavuka, maziwa yanavuka, halafu mtoto wa Kisumu akifika Njiro ugonjwa wake unakuwa mgeni. Wabunge wetu wanakaa pale wanajadili nini?

Mwalimu wa Bungoma, Tengeru

Kwa hilo niko nawe. Tena ugonjwa wenyewe haujui mpaka wa Namanga. Umekaa palipo na malaria tangu enzi, Nyanza, Magharibi, Pwani, Mwanza, Mara. Ni watu wale wale wa ziwa moja.

Shangazi wa Kilifi, Usa River

Mnanikumbusha nyumbani. Joto la Kilifi lilikuwa dawa ya yule mtoto. Huku mwezi wa saba hata mimi viungo vinakaza, nikilala naota nimekaa barazani kwa mama, upepo wa bahari unaingia, na mtu anakaanga viazi karai. Mama Kevo, mpashe mwanao maji ya chupa, umwekee miguuni kabla ya kulala. Asiungue tu, funga kitambaa.

Mama Kevo, Njiro

Asanteni wote. Sikujibu kwa sababu usiku wa Jumanne alishikwa. Ilianza kwenye mapaja saa tano, nikampa dawa ya maumivu na maji na nikamkanda, lakini ilipofika saa nane akaacha kulia. Akawa anauma kona ya shuka tu na kuniangalia. Hapo ndipo nilipoogopa. Tukamfunga blanketi na jirani akatupeleka kwa gari lake, simjui hata jina lake la pili.

Waliompokea walikuwa wema. Nilikuwa nimeshaweka makaratasi kwenye bahasha moja kama Nyar Ugenya alivyosema, nikamkabidhi daktari bahasha nzima. Alisoma amesimama. Kevo akatundikiwa dripu na kuchomwa sindano ya maumivu, akalala saa kumi na mbili. Bandama nimeonyeshwa, haijakua. Ana kilo 17. FBP imechukuliwa na wameniandikia hydroxyurea ya mwezi mmoja, nimelipa mwenyewe. Baba Kevo ameuza simu yake ile kubwa.

Faili liko. Barua ya mwalimu nitaiandika leo.

Lakini ile DP na NHIF, hakuna hata mmoja aliyefanya? Mwezi si mrefu.

Mama Pacha, Kijenge

Mungu ni mwema, Kevo apone. Kuna dada mmoja Mganda wa Ngaramtoni nilisikia alifanikiwa, nitatafuta namba yake.

Mwalimu wa Bungoma, Tengeru

Yule aliandikishwa kupitia kazini kwake, nadhani. Si sawa na hii.

Baba Shiru, Sakina

Mama Kevo, Jumamosi alfajiri naenda Namanga na gari, narudi jioni. Kama una mtu Nairobi wa kukutumia dawa au omena, aiweke kwenye basi la usiku wa Ijumaa, nitaipokea pale mpakani na kuileta mpaka mlangoni kwako.