Kiwiko kinauma: nibaki na shafti za chuma au nihamie grafaiti?

Mwalimu_Njoro (Nakuru)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa.

Nina miaka 56. Nacheza gofu Nakuru karibu kila Jumamosi, na mara mbili tatu kwa mwaka tunashuka Kisumu na wenzangu. Hendikepi yangu ni 19 (ikiwa ndogo, mchezaji ni bora zaidi). Ayani nilizonazo, yaani fimbo za kichwa cha chuma, nilizinunua mitumba miaka tisa iliyopita kwa kijana mmoja aliyekuwa anapiga mpira vikali. Zina shafti, yaani mipini, za chuma za Dynamic Gold S300. Wakati huo sikuuliza mengi. Zilikuwa safi, bei ilinifaa, nikazibeba.

Tangu Januari, ardhi ilipokauka ikawa kama saruji, kiwiko changu cha kushoto kinauma upande wa nje. Nikiupata mpira vizuri sihisi kitu. Nikiugonga na ncha ya fimbo, au nikachimba udongo kabla ya mpira, maumivu yanapanda hadi begani. Wiki jana nilishindwa kuinua birika la chai kwa mkono huo.

Nimepata seti mbili. Ya kwanza ina shafti za chuma nyepesi, Nippon 950GH, herufi R (ugumu wa kawaida; S ni mgumu zaidi). Ya pili ni grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, imeandikwa gramu 65, nayo ni R. Grafaiti imezidi kwa shilingi elfu nane. Uwezo wangu ni seti moja, na pesa yenyewe nimeiweka kando miezi saba.

Wenzangu wananiambia grafaiti ni ya wazee waliochoka, eti mpira unatawanyika kama kuku walioona mwewe. Sitaki kupoteza ule usahihi kidogo nilioupata kwa jasho. Ila kuacha gofu siwezi kabisa. Nifanyeje?

Kedi_wa_Zamani (Kisumu)

Mwalimu, pole sana. Nimebeba mabegi ya watu miaka mingi kabla ya kuanza kucheza mwenyewe, na jambo hili nimeliona likimtesa zaidi ya mmoja. S300 kabla ya kukatwa ina gramu kama 130. Hiyo ni shafti ya mtu mwenye kasi na nguvu. Mtu wa kawaida anaimudu asubuhi, lakini kuanzia shimo la 13 au 14 utaona fimbo inachelewa kufika, mpira unaanza kukimbilia kulia, naye anaongeza nguvu ili airudishe. Hapo ndipo anapoanza kuchimba.

Swali langu: kiwiko kinakusumbua tangu shimo la kwanza au kinaanza mkishaingia mashimo tisa ya pili?

Mwalimu_Njoro (Nakuru)

Mzee wangu, umenipata. Mashimo tisa ya kwanza sina shida kubwa. Na huo mpira wa kulia ndio wimbo wangu wa kila Jumamosi mchana.

Dada_Viungo (Eldoret)

Mwalimu, mimi kazi yangu ni tiba ya viungo, kwa hiyo niruhusu nianze na mkono kabla ya fimbo.

Maumivu ya upande wa nje mara nyingi ni ya kano za misuli inayoinua kiganja. Watu huyaita kiwiko cha tenisi, lakini wacheza gofu wanaotumia mkono wa kulia huyapata sana kwenye kiwiko cha kushoto. Yale ya upande wa ndani ndiyo yaliyopewa jina la gofu. Kano ikishachoka haiponi kwa kubadilisha shafti. Grafaiti inapunguza mtetemo unaofika mkononi, hilo ni kweli na litakusaidia, lakini kano inahitaji kwanza kupumzishwa, halafu kuimarishwa taratibu: mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini, shika chupa ya maji ya nusu lita, uishushe polepole, kisha uirudishe juu kwa msaada wa mkono mwingine. Ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi. Vidole vikianza kufa ganzi au kiwiko kikivimba, usiendelee na chupa, nenda hospitali.

Halafu niambie, mishikio ya fimbo zako ina umri gani? Mpira wa mshikio ukishakauka na kung'aa, unateleza, nawe bila kujua unabana vidole kwa nguvu zote. Kule kubana ndiko kunakovuta ile kano.

Chuma_Tupu (Kitale)

Nacheza kwa hendikepi 5 na sijawahi kuweka grafaiti kwenye ayani zangu, kwa hiyo nitasema upande wangu. Ayani si draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali. Kwenye ayani hutafuti umbali, unatafuta mpira uangukie pale pale ulipotaka. Chuma kinakupa habari kamili: umeupata katikati, umeugonga na ncha, unajua papo hapo. Kile kitetemo ndiyo shule yenyewe. Kadhalika ukinunua mitumba, chuma ni rahisi kukijua hali yake kwa macho.

Mwalimu, chukua Nippon. 950GH ya R ina gramu kama 95. Umeshaondoa gramu 35 kwenye kila fimbo na bado uko kwenye chuma. Kuruka kutoka 130 hadi 65 ni kama kushuka kwenye lori na kupanda baiskeli siku hiyo hiyo.

Menengai_7 (Nakuru)

Chuma_Tupu, kuhusu uzito nakubaliana nawe, lakini kuhusu shule ya mtetemo sikubali. Mwenye kiwiko kinachouma hajifunzi, anaogopa. Nilikuwa hivyo. Nilifika mahali nikiona mpira uko kwenye ardhi kavu nachukua wudi, ile fimbo ya kichwa kinene ya kupiga mbali, hata kama nina yadi 140, ili tu nisiguse udongo.

Mwalimu, nilifanya unachotaka kufanya. Nilitoka kwenye chuma cha gramu 120 na kitu, nikaingia grafaiti ya 60. Kiwiko kilitulia ndani ya mwezi. Mpira ukahamia kushoto, kila mara, kwa sababu fimbo ilikuwa nyepesi mno, sikuhisi kichwa kiko wapi, mikono ikatangulia. Nilivumilia msimu mzima nikaziuza. Leo natumia SteelFiber ya gramu 95. Ndani ni grafaiti, nje imezungushiwa nyuzi nyembamba za chuma. Uzito ni ule ule wa Nippon yako, ila ukichimba haikupigi mkononi. Kwa hiyo mimi nakushauri uchague gramu kwanza. Ukishajua gramu zinazokufaa, ndipo uulize ni chuma au ni nini.

Na hao wanaosema grafaiti ni ya wazee, waulize Bryson DeChambeau, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, alishinda US Open ya 2020 na shafti gani kwenye ayani zake. Ni grafaiti. Hata chuma chenyewe kilikataliwa zamani. Watu walikuwa wanacheza na mipini ya mbao, Marekani ikaruhusu shafti za chuma 1924, na R&A ya St Andrews, wasimamizi wa sheria za gofu kule Uskoti, ikakubali 1929. Miaka mitano mizima Wamarekani wanapiga kwa chuma, wa R&A kwa mbao.

Fundi_wa_Fimbo (Nakuru)

Nimesoma yote. Naongeza ya karakana.

Herufi R haina kipimo kimoja duniani. Kila kampuni ina R yake. R ya huyu inaweza kuwa ngumu kuliko S ya yule. Usilinganishe seti mbili kwa herufi.

Kuna njia ya tatu ambayo hujaitaja: kubaki na vichwa vyako na kubadilisha shafti tu. Ila vichwa vilivyokuja na Dynamic Gold kwa kawaida vina shingo (tundu la kichwa linalopokea shafti) ya inchi 0.355, na shafti nyingi za grafaiti za ayani ni za 0.370. Ama utafute zenye ncha ya 0.355 au shingo itobolewe. Tena ukipunguza gramu kama tisa kwenye shafti, fimbo inapoteza takribani pointi moja ya mizani, yaani ule uzito wa kichwa unaousikia ukizungusha. Ukitoa gramu 65 kwa mpigo, utapoteza kama saba, na huwezi kuzirudisha zote kwa vipande vidogo vya madini ya risasi ndani ya shingo. Ndicho kilichompata Menengai_7. Seti iliyotengenezwa tangu mwanzo kwa grafaiti huwa na vichwa vilivyopimwa kwa ajili hiyo.

Na tafadhali, grafaiti usimpelekee fundi wa kuchomelea. Moto wa wazi unaunguza gundi iliyoshika nyuzi na shafti imekwisha. Ukikagua ya mitumba, pitisha pamba kutoka juu hadi chini. Pamba ikinaswa mahali, hapo kuna ufa. Angalia zaidi pale inapokutana na kichwa na pale inaposuguana na mdomo wa begi. Chuma nacho kitazame karibu na shingo kama kuna kutu, hasa kilichokaa Kisumu.

Mwalimu_Njoro (Nakuru)

Nimerudi baada ya siku nane. Asanteni kwa moyo wenu.

Dada, mishikio ni ile ile ya miaka tisa. Nilipoisugua kwa sabuni na brashi, maji yalitoka meusi, na bado inateleza.

Muuzaji aliniruhusu kujaribu ayani 7 za seti zote mbili, na mwenzangu akaniazima yake ya grafaiti ya gramu 85. Nilipiga mipira kumi kumi, kwenye nyasi, si kwenye zulia. Ile ya 65 ilinifanyia kama alivyosema Menengai_7: sita kati ya kumi zilikwenda kushoto, moja mbali sana. Nippon ilikuwa tamu, mipira minane ndani ya upana wa griini, ile nyasi fupi yenye shimo, lakini nilipochimba mara moja nilisimama dakika mbili nimeshika kiwiko. Ya 85 ilinipa mipira saba, na nilipochimba nilisikia kishindo tu.

Kwa hiyo hizo seti mbili nimeziacha. Natafuta grafaiti ya kati ya 80 na 95 iliyotoka kiwandani hivyo. Wiki hii nabadilisha mishikio.

Kitu kimoja kinanitatiza. Mwenzangu huyo anasema ile 85 inampotezea umbali kila akicheza Kisumu. Ni shafti?

Kedi_wa_Zamani (Kisumu)

Hapana, ni hewa. Nakuru mko mita kama 1,850 juu ya bahari, sisi huku 1,130. Hewa yetu ni nzito zaidi. Mpira unaokwenda yadi 150 kwenu, huku hesabu 146. Mwambie achukue fimbo inayofuata kwa urefu na aisamehe shafti. Na hiyo ya 80 hadi 95 nitakuulizia, kuna mzee hapa anapunguza vitu vyake.

Dada_Viungo (Eldoret)

Mwalimu, hata ukizipata kesho, ziweke ndani. Mwezi huu pati (kusukuma mpira kwenye griini) na chipu fupi (vipigo vidogo kandokando yake) tu, chupa yako asubuhi na jioni. Ukiweza kuinua birika lililojaa bila kukunja uso, anza na ayani 9, mipira ishirini, kisha nenda nyumbani.