Kurkumini ya manjano inatibu sonona kweli au dada anapigwa?

Mdau_Kimya: Wakuu habari zenu. Dada yangu ana sonona, yuko kwenye dawa za kuongeza serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hisia) kitambo sasa na nafuu ni ya kusuasua. Juzi kapimwa damu CRP, kile kipimo cha inflamesheni (kinga ya mwili kuwaka kama inapigana na ugonjwa), ikasoma 6, basi kuna mtu kamjaza kwamba shida yote ni hiyo inflamesheni, aache za hospitali ameze vidonge vya kurkumini, ile kemikali kuu ya manjano. Kuna ukweli hapo?

DktMtaani: Mkuu kwanza asiache dawa ghafla, hilo halina mjadala. Ila habari ya inflamesheni siyo porojo. Zamani wagonjwa wa homa ya ini C walikuwa wanachomwa interferoni, dawa ya kuamsha kinga, na wengi tu walipata sonona wakiwa kwenye dozi. Kinga ikimwaga saitokini, yaani kemikali zake za kuwasha inflamesheni, kuna kimeng'enya kinaitwa IDO kinaamka, kinakwapua triptofani ambayo ndo malighafi ya serotonini kinaipeleka njia nyingine. Sasa siyo kila mwenye sonona yuko hivyo. Mwaka 2013 Marekani walitoa majibu ya infliksimabu, dawa inayozuia TNF (mojawapo ya hizo saitokini), kwa watu ambao sonona yao imegoma, kwa ujumla haikuipita dripu isiyo na dawa, ila wenye CRP zaidi ya 5 ndo walionekana kunufaika. Kwa hiyo hiyo 6 isipuuzwe, ila irudiwe, maana hata mafua au jino bovu linaipandisha.

Bint_Mizizi: Si ale manjano mengi tu kwenye chakula jamani, vidonge vya nini

DktMtaani: Haitoshi dada. Unga wa manjano una kurkumini kama 3% hivi, na majaribio mengi yalitumia miligramu 500 hadi 1000 kwa siku, sasa piga hesabu, gramu thelathini za unga kila siku nani ataweza? Na ukimeza nyingi inapita tu, ndo maana wanachanganya na piperini ya pilipili manga ili iingie kwenye damu. Lakini piperini hiyohiyo inazuia ini kuvunja dawa nyingine, zinarundikana mwilini. Majaribio yenyewe yana matumaini ila ni madogo madogo, mi ningeiita nyongeza, siyo mbadala.

Kasuku09: Naongezea, kuna walioumia ini kwa vidonge vya manjano. Akiona macho ya njano au mkojo mweusi aache siku hiyohiyo aende hospitali.

Mdau_Kimya: Asanteni sana. Nimemwambia anitumie picha ya kopo, mbele limeandikwa manjano kubwa kabisa, nyuma kwa maandishi ya sisimizi kuna piperini na kitu kinaitwa Hypericum perforatum miligramu 300. Hiyo nayo ni nini?

DktMtaani: Duh. Huo ni mmea unaotibu sonona kweli, ya kiasi, ila ukikutana na dawa za serotonini, serotonini inazidi mwilini, mtu anatetemeka, jasho, moyo mbio, inaweza kuua. Unashusha pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV. Kama bado hajaanza asiguse, kama ameshameza mpigieni daktari wake leo na kopo aende nalo.

Mdau_Kimya: Kameza mbili jana. Nampigia sasa hivi