Kontrola inasema OFF na sufuria bado inachemka, halafu fundi na muuzaji wananirushia mimi lawama!!

Wadau, leo natoa nyongo, mnivumilie. Jumamosi nimemwaga lita 20 za kitu ilikuwa iwe bia, nikamwaga kwa mtaro hapa Section 58, Nakuru, na hadi saa hii fundi ananipigia simu ati nimmalizie balansi yake. Balansi ya nini?

Kwanza wale wa kuniuliza lesini watulie, napika ya kunywa na mashemeji wikendi, siuzi hata kikombe. Nimekuwa nikitumia gesi miaka miwili. Shida ya gesi ni kwamba kimea kinataka kikae kwa maji ya nyuzi 66 hivi saa nzima, na wewe unasimama hapo na kipimajoto kama mlinzi, ukienda kujibu simu tu imepita 70. Nikaona wacha niende stima. Msee wa jua kali akanitobolea sufuria ya stenlesi vizuri sana (huyo sina neno naye, Mungu ambariki), nikaweka elementi ya wati 3000, nikaagiza kontrola mtandaoni, kile kidude cha kusoma joto na kuamua stima iwake ama izime. Tangazo linasema kila kitu kimo ndani: kontrola, sensa, na ile SSR ya ampea 40, yaani swichi ya kielektroniki ya kuwasha na kuzima elementi.

Sasa skizeni ujinga. Hizi kontrola ziko aina mbili na kwa macho zinafanana kabisa. Moja inatoa volti kidogo za DC za kuamsha SSR. Ingine haitoi volti zozote, iko na karilei kadogo ndani, yaani kaswichi ka visahani vya chuma, kanapiga tik tik. Tofauti ni herufi moja kwa ile namba ndefu imebandikwa ubavuni, V ama M. Mimi nimetumiwa M, pamoja na SSR, kwa boksi moja! Ni kama uuziwe kufuli na ufunguo wa kufuli ingine. Nikimwandikia muuzaji ananijibu "ukishafungua boksi hairudi". Na hiyo herufi ningeisoma aje kama sijafungua boksi? Nibembeleze kadibodi inisomee?

Lakini muuzaji ni mwizi wa kawaida. Anayeniuma ni fundi. Huyu nilielekezewa na watu wa hadwea, akaingia kwangu akijipiga kifua ati ameweka instant shower nusu ya Nakuru. Akaanza kwa kugeuza waya za sensa, plasi kwa mainasi, maji yakipata moto namba inashuka, na yeye anaiangalia tu akisema "itajirekebisha". Nikamgeuzia mimi mwenyewe. Baadaye akaona ile taa ndogo ya SSR haiwaki. Mtu mwenye akili angeniambia boss, umeletewa kontrola siyo. Yeye akaitoa SSR akaweka MFUKONI, akapitisha stima yote ya elementi kwa kale karilei ka ndani ya kontrola. Kameandikwa ampea 3! Wati 3000 gawa kwa volti 240 ni ampea 12.5, hiyo ni hesabu ya mtoto wa shule.

Na ilifanya kazi bana, hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Tulichemsha maji, tik, ikazima, tik, ikawasha, nikampa elfu moja na soda juu.

Jumamosi nikaweka kilo 5 za kimea cha shayiri ya Mau Narok, nimeiloweka mwenyewe, nimeiotesha, nimeianika, wiki nzima bibi yangu akiniuliza kama nimefungua posho mill. Nikaseti 66 nikapeleka kijana kinyozi hapo kona. Kurudi naona 83. Taa ya kuwasha imezima, kontrola yenyewe inasema imekata stima, na sufuria inanguruma kama lori ikipanda Mau Summit. Vile visahani vya ndani ya rilei vilikuwa vimeungana kwa joto vikakataa kuachana. Kuchomoa plagi inanichoma vidole, imegeuka rangi ya chai. Na kwa 83 vile vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari vimekufa zamani. Nikadondosha iodini, ikawa nyeusi tititi, yaani wanga bado ni wanga. Uji. Nimepika uji wa kilo tano, hata nguruwe wa jirani walinusa kwanza.

Halafu nikashika testa nikagusa sufuria. Ikawaka. Kufungua naona ameleta kebo ya waya mbili, ile ya kijani na manjano ya athi, ya kupeleka stima inayovuja ardhini, HAKUNA. Yaani nimekuwa nikikoroga hiyo kitu na mwiko wa chuma. Nikampigia, jibu lake: "si uvae ndara tu, kama kwa shower". Wadau niliona giza.

Hapo ndipo nilikesha nikisoma kitu angepaswa kunifunza yeye. Hata SSR yenyewe ikiharibika mara nyingi huharibikia ikiwa imewaka, kwa hivyo lazima uwe na swichi ya kukata laivu na nyutro zote mbili, na RCD (ile swichi ya kukata stima ikivuja) ya miliampea 30, na hiyo SSR ikae kwa bati la alumini la kupoza, kwa sababu inatoa joto kama wati 15 kwa mzigo wangu. Na kebo iwe ya milimita 2.5 za mraba. Sasa hizi ni siri za serikali?

Anadai 1,500. Nimemwambia aje achukue, pesa iko juu ya meza, lakini kwanza avue viatu ashike sufuria ikiwa imewaka. Tangu jana hajapiga.

EDIT: Wanaosema nilikosea nikaseti 100 badala ya 66, hapana. Na hapa Nakuru maji yanachemkia kama 94, ukiseti 100 kontrola itangoja hadi sufuria ikauke. Mwenye anajua mahali pa kupata kontrola ya V hapa tauni, mnitumie inbox. SSR bado iko kwa mfuko wa huyo jamaa.