LEED, EDGE au BREEAM: ipi inafaa jengo la ofisi la ghorofa nne?

mchoraji_J
Wakuu habari za humu. Nina jengo la ofisi ghorofa nne, sehemu ya joto mwaka mzima, AC karibu kila chumba. Mteja kaamka na neno moja tu, anataka cheti cha jengo la kijani (yaani linalookoa nishati na maji), ukimuuliza kipi anajibu chochote chenye jina. Michoro ndo kwanza inaanza kwa hiyo bado naweza kusogeza vitu. Mezani kuna LEED, EDGE na BREEAM. Mlioshika kazi hizi nilinganishieni, hasa upande wa nishati, maana huko ndo naona pana shughuli.

kokoto
EDGE mkuu, usijichoshe. Ni mfumo wa IFC, wale wa kundi la Benki ya Dunia. Masharti yanaeleweka bila mwalimu: uokoe 20% ya nishati, 20% ya maji, na 20% kwenye ile nishati au kaboni (inategemea toleo) ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la hapo ulipo. Programu yao ipo bure mtandaoni, unaingiza ukubwa wa jengo, vioo ni asilimia ngapi ya ukuta, AC ya aina gani, taa, koki, tofali, na inakwambia hapo hapo umefika wapi. Nishati ikigonga 40% unapanda hadi EDGE Advanced.

bi_mita
@kokoto mwambie na upande wa pili basi, kwamba zile ishirini tatu haziazimani. Nimeshaona timu nishati imepita kwa mbali, maji yamepita, vifaa vimegoma kwenye kumi na kitu, cheti hakuna. Kilichowaokoa ni slabu: walikuwa wameweka zege tupu nzito, wakahamia ile ya tofali zenye matundu katikati, saruji na nondo vikapungua, namba ikapanda. Kama slabu ingekuwa imeshamwagwa sijui wangeshika nini.

LEED, ile ya Wamarekani, ndo ina kuazimana, ila kwa mipaka. Kwenye v4, yaani toleo la nne, kuna pointi 110, ukipata 40 una cheti cha kawaida, 50 Silver, 60 Gold, 80 Platinum. Ukikosa za usafiri unazitafuta kwenye maji au kwenye hewa ya ndani. Lakini kabla ya pointi kuna masharti ya lazima na hayo hayana mjadala: kiwango cha chini cha nishati, mita ya jengo zima, mitambo kupimwa na kuhakikiwa, maji ya ndani kupungua 20%, hadi sigara, mvutaji akae mita 7.5 kutoka mlangoni na kwenye madirisha. Ukifeli moja, pointi zako zote ni za kujifurahisha.

pasi_na_waya
Swali langu kwa mchoraji, vioo umeweka kiasi gani?

mchoraji_J
Mteja anataka kioo kitupu mbele, na mbele ni magharibi 😅 ukijumlisha jengo lote inakuja kama 60% ya kuta.

pasi_na_waya
Basi acha kwanza habari ya cheti, tuongee hapo. Mimi kazi yangu ni modeli za nishati, nakadiria kwa kompyuta jengo litakula umeme kiasi gani. LEED v4 inakulinganisha na jengo la kufikirika linalojengwa kwa kanuni za ASHRAE 90.1 ya 2010 (kiwango cha Marekani cha nishati kwenye majengo), na hilo jengo la kufikirika vioo vyake haviruhusiwi kuzidi 40% ya ukuta hata kama vyako ni 60. Kwa hiyo hiyo ishirini ya ziada unaibeba peke yako, AC inahangaika kutoa joto ambalo mwenzako hana. Halafu hilo la kufikirika linazungushwa pande nne na kuchukuliwa wastani, maana yake ukiligeuza la kwako vizuri unapata faida ya bure, ukiligeuza vibaya unalipia. Na wewe umegeuza jua la jioni likutazame usoni!!

Kitu kingine watu hawakisemi, akiba ya v4 inahesabiwa kwa gharama ya nishati, sio kwa uniti. Kwa hiyo unaweza kupunguza uniti nyingi saa za umeme rahisi na asilimia yako isisogee sana.

kokoto
Si anaweka sola tu juu ya paa? Inafidia.

pasi_na_waya
Ghorofa nne zenye AC, paa ni moja. Piga hesabu mwenyewe. Sola iwe ya mwisho, kwanza punguza kioo, weka vivuli vya nje (pazia la ndani halisaidii sana, joto limeshaingia), halafu ndo uchague AC yenye COP nzuri, yaani kwa kila kilowati moja ya umeme inakutolea kilowati ngapi za ubaridi. Ukianza na kivuli hata AC yenyewe unanunua ndogo.

Nondo16
Nawasikiliza wataalamu ila anayeteseka ni sisi site. LEED karatasi zake sio za mchezo, taka zipimwe uzito zinaenda wapi, kila ndoo ya rangi na gundi iwe na karatasi ya kiwandani kuonyesha kemikali zake, kontrakta ambaye hajazoea atakimbia. EDGE nafuu ila msidhani haina macho. Cheti cha awali kinatoka kwenye michoro, cha mwisho mkaguzi anakuja kuangalia. Kuna site fundi bomba alikosa koki za lita 6 kwa dakika akaleta za lita 10 eti zinafanana, jengo zima, zikang'olewa zote.

bi_mita
😂😂 koki zinafanana kweli, ndo maana unazipima kwa ndoo na saa kabla hazijafungwa.

BREEAM tusiisahau, ya Uingereza, ipo tangu 1990, kongwe kuliko hizo mbili. Inaenda kwa asilimia, 30 ni Pass na 85 ni Outstanding, na lazima uwe na mkaguzi wao mwenye leseni. Ni nzuri, ila kama huna mpangaji wala mkopeshaji anayeitaja kwa jina sioni kwa nini uihangaikie.

mchoraji_J
Wapangaji mteja anaowawinda ni makampuni ya kimataifa, anasema huko LEED wanaijua.

bi_mita
Hapo sasa LEED ina hoja. Angalia toleo tu kabla ya kusajili, v5 imetoka 2025 na imekaza sana upande wa kaboni, hizo habari za v4 hapo juu usizibebe kichwa kichwa.

pasi_na_waya
Fanya hivi, ingiza jengo kwenye programu ya EDGE wiki hii, mara ya kwanza na vioo 60, ya pili na 35 plus vivuli. Mpelekee mteja zote mbili, asaini anayoitaka. Hata ukienda LEED baadaye hiyo kazi haipotei.

mchoraji_J
Poa. Na ngazi na vyoo navihamishia magharibi, ukuta mzima bila kioo, vichukue jua badala ya ofisi. Mlango mkuu uende kaskazini. Atanuna.

Nondo16
Anune sasa hivi kwenye karatasi, site hatubomoi.