Nimesomea opera, nataka kurekodi jazi na zilizopendwa. Prodyuza asema "punguza sauti", mwalimu asema nitaiharibu. Nishaurini

SopranoWaBuru

Hamjambo wadau. Uzi huu ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni soprano (sauti ya juu ya kike), miaka 34, naishi Buruburu, Nairobi. Nilianzia kwaya ya kanisa, nikapita Tamasha la Muziki la shule, halafu nikasomea sauti miaka tisa. Mitihani yote hadi daraja la 8 nimeimaliza. Kila Desemba naimba Messiah ya Handel, na katikati ya mwaka nikibahatika napata kipande cha Mozart au Puccini. Kinachonilisha hasa ni kufundisha watoto kuimba.

Marehemu baba alikuwa mtu wa zilizopendwa. Jumapili tukitoka ibadani redio ilikuwa yake, hakuna wa kuigusa. Alikuwa pia na kanda mbili za mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald alizozificha kabatini pamoja na hati ya shamba. Tangu atutoke nimekuwa nikiweka akiba, na sasa nina shilingi 160,000. Nataka kurekodi nyimbo nane, nne za jazi na nne za zilizopendwa, kwa piano, besi, gitaa na ngoma za kupigwa kwa brashi. Sitafuti umaarufu. Nataka nyimbo alizozipenda ziwepo kwa sauti yangu.

Wiki mbili zilizopita niliingia studio kujaribu wimbo mmoja wa Gershwin, mtunzi wa Marekani. Niliimba nilivyofundishwa, koo wazi, pumzi chini. Noti zote zilikaa mahali pake. Lakini nilipojisikiliza, wimbo wa mtu anayemnong'oneza mpenzi wake ulikuwa umegeuka tangazo la kuwafikia watu walio ng'ambo ya bonde. Prodyuza, kijana mwenye subira sana, akaniambia nipunguze sauti. Nikapunguza, ikatoka sauti isiyo na mwili, kama mtu aliyeamka na mafua.

Nikampigia mwalimu wangu wa zamani. Akasema nitabomoa nilichojenga kwa miaka tisa, na kwamba nikiendelea nisimtaje popote kwenye albamu. Hilo limeniuma kwa sababu nampenda na nina deni kwake.

Naomba kujua: je, kweli nitaiharibu sauti? Na nifanye nini ili nisisikike kama mgeni ndani ya nyimbo nilizokua nazo? Pia kuna swali la ruhusa za nyimbo, sijui pa kuanzia.

MpigaBesi_Ngara

Dada, pole kwa mzee. Swali moja kabla ya mengine yote: uliimba kwa kii gani (noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake), na noti ya juu kabisa ilikuwa ipi?

SopranoWaBuru

Asante kaka. Ilikuwa F, kama ilivyochapishwa. Noti ya juu ni F ya mstari wa juu wa stafu, ya chini ni D iliyo juu tu ya C ya katikati. Kwangu hapo ni pepesi sana.

MpigaBesi_Ngara

Basi tatizo liko hapo. Kwako ni pepesi kwa kuwa ni nyumbani kwa opera. F ile ya juu hakuna mwanamke anayezungumza akiwa pale, labda mtoto wake awe anakimbilia barabarani. Waimbaji wa jazi wanaimba pale wanapozungumzia. Shusha hadi C kwanza. Ikibaki juu, nenda B flati. Piano na besi hatulalamiki, kazi yetu ni kukufuata wewe.

Na usikubali neno "punguza". Ukipunguza sauti kwenye kii ileile, umebaki mahali pale pale ila umejinyima pumzi. Ndiyo maana ukasikika mgonjwa.

MwalimuWaSauti

Mimi nafundisha uimbaji hapa Nairobi, na nimesoma uzi huu mara mbili kwa sababu unanigusa. Niseme kwanza kwamba mwalimu wako hana nia mbaya. Hofu yake ina historia. Helen Traubel, soprano mkubwa wa opera za Wagner, aliondoka Metropolitan Opera ya New York mwaka 1953 baada ya kugombana na mkurugenzi Rudolf Bing, ambaye hakutaka aimbe kwenye vilabu vya usiku. Walimu wengi wa kizazi kile walilelewa na fikra hiyo.

Ila historia hiyohiyo ina upande mwingine. Mwaka 1959 soprano Eileen Farrell alikuwa Spoleto, Italia, kwa ajili ya muziki wa klasiki. Louis Armstrong, mwanajazi, akaugua, Farrell akaombwa kushika nafasi yake jukwaani. Watu walishangaa, naye akarekodi albamu ya blues na nyimbo za aina hiyo. Mwaka uliofuata, 1960, ndipo alipoingia Metropolitan kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo blues haikumfungia mlango wa opera. Soprano Renée Fleming naye alipokuwa mwanafunzi Potsdam, New York, aliimba jazi na kikundi cha watu watatu kwenye baa, hadi mpiga saksafoni Illinois Jacquet akamtaka waende ziara. Akachagua shule. Mwaka 2005 alirudi na albamu akiwa na Fred Hersch kwenye piano na Bill Frisell kwenye gitaa, akaimba chini kabisa, karibu na sauti yake ya kuzungumza.

Sasa kuhusu kuharibu. Kuimba chini na kwa upole hakuharibu sauti. Kinachoharibu ni kuburuta sauti ya kifua (ile nzito ya kuzungumzia) kwenda juu kwa nguvu ili usikike "mchafu" kama waimbaji wa klabu. Hiyo usiifanye. Ukisikia kukwaruza au ukaamka bila sauti, simama. Na siku ya kurekodi jazi usipange mazoezi ya Messiah jioni. Misuli inahitaji kujua leo inafanya kazi gani.

Kinanda254

Naongeza la kiufundi, maana ndiyo kazi yangu.

Orkestra ina nguvu nyingi karibu na hezi 500 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde), kupanda juu inalegea. Mwimbaji wa opera anafundishwa, hata kama haambiwi kwa tarakimu, kukusanya nguvu ya sauti karibu na hezi 3,000. Hapo orkestra imempa nafasi, na hapo sikio la binadamu ni kali. Ndivyo mtu mmoja anavyowapita wapiga ala 60 bila maiki. Ni jambo la ajabu na nitalistahi maisha yangu yote.

Lakini mbele ya maiki iliyo sentimita 15 kutoka mdomoni, makali yale hayana orkestra ya kupenya. Yanaingia moja kwa moja kwenye sikio la msikilizaji. Umesimama karibu na mtu na bado unamwita aliye mbali.

Kurekodi kwa umeme kulianza 1925. Kabla ya hapo waimbaji wa opera kama Caruso walielekeza sauti ndani ya pembe ya mashine ya kurekodia na ilibidi wawe na nguvu. Maiki ilipokuja ndipo mtu kama Bing Crosby akaweza kuimba kana kwamba yuko kitini kando yako. Kwa hiyo jazi unayoipenda, dada, nusu yake imetengenezwa na maiki. Jifunze kuipiga kama ala. Mwambie prodyuza akutafutie maiki ya utepe, ina tabia ya kulainisha masafa ya juu. Asipokuwa nayo, iwe yoyote ila uigeuze kidogo pembeni ya mdomo.

Mzee_wa_Twisti

Binti yangu, nina miaka 71 na nimefurahi kuona mtoto wa leo anazililia nyimbo hizi.

Wenzangu wamesema ya jazi, mimi nisemee zilizopendwa. Nyinyi mliosomea uimbaji wa Kizungu mna tabia moja: mnazungusha irabu. "A" inaanza kuwa "o", "e" inaelekea "i", ili sauti iwe duara. Kiswahili kina irabu tano tu na kila moja iko wazi. Ukiigeuza, neno limepotea, na aliyekulia lugha hii anasikia mara moja kwamba mwimbaji anasoma badala ya kusema. Jambo la pili ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiivuta silabi ya mwisho kwa sababu noti yake ni tamu, umempa msikilizaji neno lisilojulikana kwao.

Fanya hivi. Chukua maneno ya wimbo, mpigie dada yako simu, umsomee kama habari. Jirekodi. Halafu imba bila kubadilisha kitu isipokuwa noti.

Na tafadhali, twisti ya akina Daudi Kabaka isipigwe kwa mwendo wa jazi. Ile inatembea wima, gitaa linadunda. Wapiga jazi wa Nairobi siku hizi wanapenda kuipinda kila kitu.

MpigaBesi_Ngara

Mzee, hapo umenikamata mimi mwenyewe. Nimekosea hivyo mara nyingi arusini.

BintiWaKizingo

Naja na maoni tofauti kidogo, na naomba nisieleweke vibaya. Kwa nini tunamtaka afiche opera yote? Nikitaka kumsikia mwimbaji wa klabu niko naye tayari. Huyu dada ana pumzi ya kubeba sentensi ndefu bila kuikata, na ana uwezo wa kuimba polepole na noti isitikisike. Mambo hayo ni nadra. Ningetaka kuyasikia.

MwalimuWaSauti

Kweli kabisa, Binti, nakuunga mkono. Pumzi ibaki. Kinachobadilika ni mahali na matamshi. Ila mfano wa onyo upo: mwaka 1984 mtunzi Leonard Bernstein mwenyewe alirekodi West Side Story, mchezo wake wa muziki, kwa waimbaji wa opera, Kiri Te Kanawa na José Carreras. Sauti ni nzuri ajabu, lakini wengi walilalamika kwamba wale vijana wa mitaa ya New York hawakusikika kama vijana, na lafudhi ya Kihispania ya Carreras ilimkalia kijana ambaye si Mhispania. Sauti ilikuwa sahihi, mtu anayeimbwa ndiye aliyepotea.

Wakili_Mchanga

Swali la ruhusa limeachwa, niliguse.

Kwa sheria ya Kenya wimbo hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi yenyewe ina hesabu yake, miaka 50 tangu irekodiwe. Watu wanachanganya haya mawili. Unaweza kukuta sahani ya santuri ya mwanzoni mwa miaka ya 60 imekwisha muda wake huku wimbo ungali na mwenyewe. Fundi Konde alifariki 2000, Fadhili William na Daudi Kabaka 2001. Nyimbo walizotunga bado ni mali ya warithi wao au ya waliowauzia.

Gershwin naye ni wawili. George alikufa 1937, lakini kaka yake Ira, aliyeandika maneno mengi, alikufa 1983. Ukiimba maneno ya Ira unahitaji ruhusa.

Anza na Kenya Copyright Board. Waulize ni chama gani cha mirabaha kimepewa leseni mwaka huu, maana hilo hubadilika. Wimbo kama "Malaika" uuache kwa sasa, umiliki wake umegombewa miaka mingi na hutaki albamu ya kumkumbuka baba iishie kwenye barua za mawakili. Na ukifikiria kutafsiri jazi kwa Kiswahili, jua kwamba tafsiri ni ruhusa nyingine kabisa. Tenga kama shilingi 20,000 za ruhusa kwenye bajeti yako kabla hujalipa studio. Zinaweza kubaki, zinaweza kupungua.

SopranoWaBuru

Wadau, nimerudi baada ya siku tisa. Sijui niwashukuru vipi.

Nilifanya alivyosema mzee. Nilimpigia dada yangu aliye Nakuru nikamsomea maneno ya wimbo mmoja wa baba. Mwanzoni akadhani nina shida. Nilipofika ubeti wa pili akaanza kunijibu, mstari kwa mstari, kwa sababu naye anaukumbuka. Niliporekodi usiku ule kwa simu nilisikia "a" yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa naizungusha kweli, mzee. Miaka yote nilidhani naimba Kiswahili.

Gershwin tulianza na C. Bado noti ya juu ilinivuta kurudi kwenye sauti ya kichwa, ile ya opera, tukashuka B flati. Ile G ya chini niliyodhani sina, ninayo. Ni ndogo na ina pumzi, na bila maiki haivuki hata meza. Prodyuza alipata maiki ya utepe kwa rafiki yake, nikasimama karibu, na nikaimba kana kwamba aliyeketi pale ni baba na kanda zake. Mara ya tatu hatukurudia.

Pumzi nimeiacha ilivyo, Binti. Kuna sentensi moja ndefu niliyoibeba yote bila kukata, na mpiga piano akageuka kuniangalia.

Mwalimu wangu nilimpelekea rekodi bila maelezo. Bado hajajibu. Jina lake sitaliweka kwa kuwa ndivyo alivyotaka, lakini kila pumzi mle ndani ni yeye aliyenipa, na nimemwandikia hivyo.

"Malaika" nimeiondoa. Barua ya ruhusa za nyimbo nyingine naipeleka Jumatatu. Kilichobaki ni besi. Aliyekuwa anipigie amesafiri, na nimeweka studio tarehe 14, saa nne asubuhi. Nahitaji mtu wa kontrabesi, si gitaa la besi, na awe tayari kushuka B flati.

MpigaBesi_Ngara

Tarehe 14 niko huru. Nitumie ujumbe wa faragha, uweke na zile za twisti nianze kuzipiga wima.

Mzee_wa_Twisti

Nitumieni na mimi anwani ya studio. Nitakaa nje kimya.